Mizani ya Kumpimia Mtoto

Mkulima wa Mtwara apelekapo korosho ghalani, jicho lake huwa kwenye mizani. Je, mtoto wake apimwapo masomo, ni nani aitazamaye mizani?

Yako majaribio yasiyompa kila mtoto maswali yale yale. Watu wa Uwezo, walioanza mwaka 2010 kupima watoto wa Tanzania nyumba kwa nyumba, walimpa mtoto aya asome. Akiiweza, alipewa hadithi. Akishindwa, alirudishwa kwenye maneno. Hivyo hakuaibishwa na yaliyomzidi, wala hakupoteza muda kwa yaliyo mepesi.

Kompyuta nayo yaweza kufanya vivyo hivyo: kwa kila jibu hukadiria uwezo wa mtoto, kisha humchagulia swali linalomfaa. Mwaka 1960 Bwana Georg Rasch wa Denmark alieleza katika kitabu chake jinsi ya kuweka uwezo wa mtoto na ugumu wa swali katika kipimo kimoja. Lakini ugumu huo haujulikani vema mpaka swali lijaribiwe kwanza kwa watoto wengi.

Hapo ndipo penye mashaka siku hizi, maana kompyuta yaweza kutunga maelfu ya maswali kutoka swali moja, kwa kubadili tarakimu tu. Mvuvi wa Msimbati amepata samaki 41, nduguye 38. Jumla ni wangapi? Sasa badili 41 iwe 47. Maswali haya ni ndugu, lakini uzito wao si mmoja: la pili lamtaka mtoto aandike 5 na kupeleka 1 kwenye makumi. Kompyuta ikidhani ni sawa, atakayekosa ataonekana yuko chini kuliko alivyo.

Dawa si kuikataa kompyuta. Wataalamu wa takwimu huchukua maswali kadhaa ya kila ukoo, wakayajaribu kwa watoto, wakatafuta wastani wa ugumu wake na jinsi yanavyotofautiana. Ukoo wenye tofauti kubwa, jibu lake hupewa uzito mdogo, na mtoto huulizwa zaidi kabla ya hukumu kutolewa.

Basi, wazazi, mkiletewa alama za kompyuta, ulizeni kwa adabu: maswali haya yalijaribiwa kwa watoto gani, na wangapi? Maandiko yatuonya juu ya mizani ya hila sokoni. Mtoto ana thamani kuliko gunia la korosho. Mizani yake nayo ikaguliwe.