Mbabe wa Kweli ni Nani?



Wiki hii tunawaomba radhi wale waliozoea kukuta hapa maneno mazito. Jambo lililotushughulisha tangu Jumapili ni swali ambalo huenda wakubwa wakaliona la kitoto: kati ya nyota wote wa filamu za kung fu na karate, nani ndiye mbabe wa kweli? Hatusemi ndani ya filamu. Tunasema akisimamishwa uwanjani bila kamera, bila mwongozaji, bila waya wa kumvuta juu.

Tumelazimika kulitafakari kwa sababu limevunja mkono wa mtu. Sote tuishio Kibara twajua kwamba mwezi unapokuwa mpevu wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, kwa kuwa mbalamwezi huzishinda nguvu taa zao na dagaa hawakusanyiki. Siku hizo vijana wa mwaloni huwa na usingizi wa kutosha na kazi haba, nao hujaa katika kibanda cha video. Simu wanazo, na kila mmoja angeweza kutazama peke yake chini ya mwembe. Lakini utamu wa filamu ya mapigano ni ubishi unaofuata, na ubishi hauchezwi na mtu mmoja. Jumamosi usiku ulikuwa juu ya Bruce Lee na Chuck Norris. Maneno yalipokwisha, vijana wawili walitoka nje ili kila mmoja amwakilishe mtu wake. Aliyekuwa Bruce Lee alirusha teke la juu, mguu wa pili ukateleza, akaangukia mkono. Alfajiri alikuwa hospitalini.

Kabla hatujamkemea mtu, nasi tukiri la kwetu. Tulipokuwa seminari ndogo, miaka ya 1990, tulikuwa tukioneshwa video Jumamosi moja moja, jenereta ikiwa na mafuta na gombera akiwa na moyo mkunjufu. Ndipo tulipojifunza sheria ile ambayo kila mtoto wa Tanzania anaijua kabla ya jedwali la kuzidisha: steringi hafi. Jumapili moja, nyuma ya bweni, tulitaka kujua kama teke tuliloliona usiku wake linafanya kazi kwa mtu halisi. Lilifanya kazi. Mwenzetu alipoteza jino la mbele, naye akamwambia gombera kwamba ameanguka bombani. Hatukumsahihisha. Miaka imepita mingi, na kila tunapokutana naye anacheka, na jino lile la bandia tunaliona.

Basi hatuna haki ya kulidharau swali. Tulijibu kama linavyostahili, kwa ushahidi.

Tuanze na Bruce Lee, kwa sababu huyo ndiye ambaye picha yake imebandikwa ukutani. Alizaliwa San Francisco mwaka 1940, akakulia Hong Kong, na huko alijifunza mtindo wa Wing Chun kwa mwalimu Ip Man. Kwamba alikuwa na kasi ya ajabu, hakuna anayebisha. Mwaka 1958 alishinda mashindano ya ngumi ya shule za Hong Kong. Na mwaka huohuo, vijana wetu wasiambiwe, alikuwa pia bingwa wa kucheza dansi ya cha-cha. Lakini ukiuliza ni lini alipanda ulingoni akiwa mtu mzima, mbele ya mwamuzi, dhidi ya mtu aliyejiandaa, hupati jibu. Lipo pambano moja la faragha, Oakland, mwaka 1964, dhidi ya Wong Jack Man. Na hapo angalia ilivyo shida kuujua ukweli hata watu wakiwa chumba kimoja: mkewe Bruce Lee alisimulia kwamba lilikwisha kwa dakika kama 3 na mumewe akashinda, Wong alisema lilichukua zaidi ya dakika 20. Jambo moja tunaloliamini zaidi ni lile ambalo halikumsaidia mwenye kulisema: kwamba Bruce Lee alitoka pale akihema, akajichukia kwa kukosa pumzi, na tangu siku hiyo akabadili mazoezi yake yote. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32. Aliyekufa kijana hazeeki wala hashindwi, na tunadhani nusu ya ubabe wake ukutani inatoka hapo.

Jackie Chan hatuna haja ya kumweka katika mizani hii, na tunasema hivyo kwa heshima kubwa. Alilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Kichina, chini ya mwalimu mkali, akifundishwa sarakasi, kuimba na kuanguka. Huyo ni bingwa wa kuanguka. Alipoanguka kutoka mtini huko Yugoslavia, akitengeneza filamu iliyotoka mwaka 1986, fuvu lake lilipasuka, nusura afe. Anayeumia kila filamu ili mtazamaji acheke ana ushujaa wake, ila si ule tuliouliza.

Jet Li naye alikuwa bingwa wa China wa wushu katika miaka ya 1970, na mwaka 1974, akiwa mtoto wa miaka 11, alionesha mchezo wake mbele ya Rais Nixon huko Marekani. Ila vijana waelewe maana ya ubingwa ule. Wushu ya namna hiyo hupimwa kwa unyoofu wa mwili na uzuri wa mpangilio, waamuzi wakitoa alama kama wanavyofanya katika jimnastiki. Mpinzani hayupo.

Van Damme alishindana kweli Ulaya kabla ya filamu. Lakini wanaomtetea hapa Kibara hutegemea zaidi filamu ya Bloodsport ya mwaka 1988, kwa sababu iliandikwa kuwa ni kisa cha kweli. Kisa hicho si chake, ni cha Frank Dux, na mwaka huohuo gazeti la Los Angeles Times lilichunguza madai ya Dux na kuyatilia shaka kubwa. Tulipowaeleza vijana hilo, walituangalia kama tumewaambia kwamba ziwa halina samaki.

Anabaki Chuck Norris. Aliandikishwa katika jeshi la anga la Marekani, akapelekwa Korea, na huko ndiko alikoanza kujifunza. Aliporudi kwao aliingia mashindanoni, na tunapenda sehemu hii: alishindwa. Alishindwa mashindano yake ya kwanza, akarudi, akashindwa tena. Mwaka 1968 alipigwa na Louis Delgado, na Novemba ya mwaka huohuo akamshinda Delgado yuleyule na kutwaa taji la karate la uzito wa kati, alilolishika miaka sita. Hayo yameandikwa, yalikuwa na waamuzi na watu wa kutazama. Tukubali kwamba karate ya mashindano ya siku zile ilikuwa ya kuhesabu pointi, pigo likizuiliwa kabla ya kuzama. Haikuwa vita ya kufa na kupona. Hata hivyo, kati ya wale ambao vijana huwaita steringi, rekodi yake ndiyo tunayoweza kuishika mkononi.

Na mtu huyo, katika filamu ya mwaka 1972 ambayo kila kibanda kimeionesha, anavunjwa shingo na Bruce Lee ndani ya magofu ya Kolosei, Roma. Walikuwa marafiki waliokuwa wakifanya mazoezi pamoja. Bingwa mwenye taji alikubali kulala chini ili rafiki yake asimame.

Tukalifuata wazo hilo tukakuta si yeye peke yake. Katika Wheels on Meals ya mwaka 1984 yupo adui mmoja mwenye teke linalozima mishumaa kwa upepo wake tu. Jackie Chan anamshinda kwa taabu. Adui yule ni Benny Urquidez, Mmarekani, bingwa wa mapambano ya ngumi na mateke, yale ambayo pigo halizuiliwi na mtu huanguka kweli. Ukituuliza sisi, hukumu yetu ni hiyo: kati ya wote waliopita kwenye skrini ya kibanda chetu, mpiganaji wa kweli kuliko wote ni yule ambaye vijana hawalijui hata jina lake. Wanamwita adui.

Tulipoitoa hukumu hii baada ya Misa, chini ya mti, ilizomewa. Hapo mzee mmoja wa jumuiya, aliyekwenda vita vya Kagera, akainuka na kusema mbabe ni wa Butiama, hapa hapa Mara. Akawakumbusha kwamba mwaka 1978, baada ya kuivamia nchi yetu, Idi Amin alimwalika Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Amin alikuwa bondia wa kweli, bingwa wa Uganda katika miaka ya 1950, jitu la karibu mita 2. Mwalimu hakupanda ulingo wowote. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka na Amin akakimbia. Mzee akaongeza, kwa furaha kuu, kwamba Ali mwenyewe alipotumwa Dar es Salaam na Rais Carter mwaka 1980, Mwalimu alikataa kuonana naye.

Tulipiga makofi kama wengine. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani tuliona kwamba mzee alikuwa amebadilisha swali. Tuseme kweli: ulingoni Amin angemwangusha Mwalimu katika raundi ya kwanza, na Mwalimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Walioishinda vita ile ni pamoja na huyu mzee mwenyewe, na wenzake ambao hawakurudi. Kuwapa vijana jibu zuri kwa swali ambalo hawakuuliza ni tabia yetu sisi watu wazima, na ya mapadre hasa.

Tuliona afadhali kuwauliza kama wanamjua Titus Simba. Kimya. Bondia wa Tanzania aliyefika fainali ya uzito wa kati huko Edinburgh, michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970, akarudi na medali ya fedha. Aliyemshinda ni John Conteh wa Uingereza, ambaye mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia. Na Michael Yombayomba, aliyeleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998? Mmoja alisema amewahi kulisikia jina. Hawa walipigwa na kupiga kwa jina letu, na hatujaona kibanda chenye picha zao.

Jumatatu tulikwenda hospitalini. Kijana ana plasta mpaka kwenye kiwiko, na hataweza kuvuta wavu kwa wiki kadhaa. Mwezi utafifia hivi karibuni na mitumbwi itarudi ziwani. Tulimkuta na yule aliyekuwa Chuck Norris, amekaa pembeni ya kitanda na bakuli la uji. Amekwisha kuzungumza na tajiri wa mtumbwi ili aingie katika nafasi ya mwenzake mpaka apone, na wagawane fungu.

Tulimweleza mgonjwa habari za Delgado, za Oakland na za Urquidez, kwa urefu. Alisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza mahubiri. Kisha akasema, "Baba, yote sawa. Lakini Bruce Lee asingeteleza."