Kabla hujalipia proforma hiyo

TIMAZI
Na Rukia Mbwana

Kijana mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alinifuata Jumamosi akiwa na proforma ya duka la Kariakoo, imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. “Shikamoo dada, niangalizie kabla sijalipa.” Amefungua kampuni: wahandisi wawili na mchoraji mmoja, na wamepata kazi yao ya kwanza, makalvati matano na mtaro wa maji ya mvua huko Mbagala. Kwenye karatasi kulikuwa na kompyuta mpakato tatu mpya, zile za wacheza gemu zenye taa kwenye kibodi, pamoja na plota ya A1. Chini kabisa, kwa kalamu yake mwenyewe, alikuwa ameandika: “Programu ya kuchora: jamaa ataweka.”

Naanza na huyo jamaa, maana ofisi nyingi ndogo za uhandisi mjini zinamjua. Anakuja na flashi, anazima programu ya kuzuia virusi, anaacha onyo kwamba msiiwashe tena, anapokea hela yake anaondoka. Simlaumu kijana kwa kumfikiria. Autodesk waliacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD mwaka 2016. Tangu hapo ni kukodi. Kwa bei ya Marekani ni karibu dola 2,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Watu watatu ni kama shilingi milioni 15, na mwakani unalipa tena, mteja awe amekulipa au bado anakuzungusha.

Lakini nimeshaona anachoacha jamaa nyuma yake. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, Jumatatu asubuhi tuliwasha kompyuta tukakuta kila faili limebadilishwa jina na halifunguki, na kwenye skrini kuna ujumbe unaodai hela. Vipimo vya barabara vya wiki tatu vilikuwa humo. Tulirudi saiti kupima upya kwa gharama yetu, na nakumbuka nikishika fimbo ya kupimia kwenye jua la saa saba, palepale nilipokuwa nimesimama mwezi uliotangulia. Na kuna hasara usiyoiona kabisa. Mwaka 2012 kampuni ya ESET ilitangaza kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP, lugha inayotumika ndani ya AutoCAD yenyewe. Kilienea zaidi Peru, kikinakili michoro iliyofunguliwa na kuituma kwa barua pepe hadi China, na mchoraji anaendelea na kazi yake hana habari.

Halafu kuna suala la haki, na hapa nasema na wenzangu wa taaluma. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Sisi tunakasirika, tena kwa sababu nzuri, mteja anapochukua mchoro wetu akajengea jengo la pili bila kutulipa. Tutamshika kwa lipi, ikiwa mchoro wenyewe tuliuchora kwa programu ya kuibwa?

Nikamuuliza kijana: kazi yenyewe inataka nini? Mtaro unataka hesabu za maji kwanza. SWMM ya wakala wa mazingira wa Marekani na HEC-RAS ya wahandisi wa jeshi la nchi hiyo zinapakuliwa bure, na ni zana zinazotumiwa na makampuni makubwa duniani. Akipata kesho mradi wa maji wa kijiji, EPANET nayo ni bure. Kwa ramani kuna QGIS, programu huria. Na tangu 2015 mradi wa Ramani Huria, uliowatembeza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi mitaani, umeweka nyumba, njia na mitaro ya kata nyingi za Dar es Salaam kwenye OpenStreetMap. Ramani hiyo haitoshi kusanifu kalvati, lazima upime mwenyewe, lakini inakuonyesha maji yanatoka wapi kabla hujapanda daladala.

Kwenye kuchora sitamdanganya mtu. FreeCAD ilifika toleo la 1.0 Novemba 2024 na naipenda kwa kazi za 3D. LibreCAD inatosha kwa michoro midogo. Ila washauri na wateja wetu wanataka faili za DWG, na huko programu huria bado zinasumbua. Kwa hiyo nunua leseni moja tu, ya mchoraji, tena ya kudumu: BricsCAD na ZWCAD wameendelea kuziuza. Wahandisi wawili watakagua kwenye PDF na kusahihisha kwa kalamu, kama tulivyofundishwa.

Wala usichanganye cha bure na cha huria. DraftSight ilitolewa bure kwa miaka, watu wakaizoea, na mwisho wa mwaka 2019 matoleo yale ya bure yakaacha kufanya kazi. Ndiyo maana nasisitiza kila kazi ikikamilika ihifadhiwe kwa DWG, DXF na PDF. Kalvati litakaa miongo. Siku halmashauri inataka kulipanua, mchoro lazima ufunguke, hata kama mwaka huo huna senti ya leseni.

Mashine zile za gemu aziache. Mchoro wa 2D hauhitaji kadi kubwa ya picha. Unahitaji RAM ya GB 16, SSD na skrini pana ya mezani. Mpakato za ofisi za mtumba, ThinkPad, Latitude au EliteBook, zinafaa kabisa, mradi prosesa ya Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 11 haikubali rasmi karibu zote za chini ya hapo, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025. Kaa dukani nusu saa mashine ikitumia betri peke yake, mwenye duka anune akitaka. Hela inayobaki inunue UPS na diski mbili za nje, moja ilale ofisini, nyingine ilale nyumbani kwako.

Plota aliifuta mbele yangu. Steshenari atalipia karatasi anazohitaji tu. Mpakato tatu akaziandikia “mtumba, kizazi cha 8”. Kwenye mstari wa mwisho kalamu ikasimama. “Dada, leseni hii siiwezi mpaka malipo ya awali yaingie.” Nikamwambia aombe majaribio ya siku 30, afungue humo michoro mitatu aliyotumiwa na mshauri, na kabla hajatoa hela aangalie kama maandishi, vipimo na mistari vimekaa vilevile.