Risasi ya zamani bado inamlipa mkulima
MKULIMA wa Marekani anayetaka bunduki ndogo ya kuwinda sungura wanaomaliza bustani, na ya kulenga makopo siku ya mapumziko, hukuta dukani aina tatu za risasi: .22 Long Rifle ya mwaka 1887, .22 Magnum ya 1959 na .17 HMR ya 2002. Muuzaji, kama ilivyo kawaida ya wauzaji, humsifia hiyo mpya.

Sifa zenyewe si za uongo. Risasi ya .17 ina uzito wa gramu 1.1 tu, lakini hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 777 hivi kwa sekunde, kama mara mbili ya .22 ya kawaida, na hulenga vizuri hata mita 150. Ila wepesi huo huifanya isukumwe na upepo, na kindi akipigwa nayo mwilini, kitoweo kimeharibika.

Halafu kuna hesabu. Risasi za jamii hii zina kiwashio ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, hivyo ganda likishalipuka halijazwi tena. Mlenga makopo humaliza boksi la risasi 50 chai haijapoa, na .17 ni ghali mara kadhaa kuliko .22.

Kwa shabaha zisizozidi mita 75, .22 ya zamani inatosha. Wa kununua .17 ni mwenye malisho mapana. Lakini udogo wa .22 usimdanganye mtu: ikikosa kopo huweza kuruka zaidi ya kilomita moja, hivyo nyuma yake pawe na tuta la udongo.