Luvungi: Mwanamke asiyeona siku zake apimwe kabla ya kulaumiwa

Huku Luvungi, katika tambarare ya Ruzizi, bibi arusi akimaliza miaka miwili bila mimba, maneno huanza. Mama mkwe anauliza. Majirani wanasema amelogwa, ao alitoa mimba zamani. Anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, kisha chumba cha maombi, na bwana anaweza kuleta mke wa pili kabla mtu yeyote hajauliza: huyu dada anaona siku zake kila mwezi?

Swali hilo lingetangulia. Kuna ugonjwa wa homoni unaozuia mayai ya mwanamke kukomaa, na katika ekografi ovari zinaonekana zimejaa vifuko vidogo. Siku zake zinapotea miezi miwili, mitatu, hata zaidi. Wengine wanaota ndevu ao chunusi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba unapata wanawake 10 hadi 13 kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa, na hadi 70 kati ya 100 wenye ugonjwa huo hawajui kama wanao. Uchawi hauna kazi hapo.

Wengi wanafikiri tiba yake ni ya matajiri wanaopanda ndege. Hapana, inaanza na vidonge vya siku tano kila mwezi. Klomifeni, ile inayojulikana kwa jina la Clomid, imetumika miaka mingi. Lakini mwaka 2014 utafiti wa Marekani kwa wanawake 750 ulionyesha kwamba waliopewa letrozoli, dawa ya kansa ya matiti, walizaa karibu 28 kati ya 100. Wa klomifeni walikuwa 19. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaiweka letrozoli mbele. Waganga wetu waijue.

Kununua vidonge hivyo kichinichini bila daktari ni jambo lingine. Vinaweza kuleta mapacha, na havisaidii kitu kama mirija imeziba ao mbegu za bwana ni chache. Wababa wasikasirike: katika ndoa nyingi zisizo na mtoto, shida iko pia kwa mwanaume.

Tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, familia nyingi zimekimbia, na mwanamke aliyekuwa ameanza matibabu ameyaacha njiani. Kwenye misaada wanatafutwa wajawazito na wanaonyonyesha, na ni haki yao. Asiyezaa hana mstari wake. Kumwambia apunguze kilo, ushauri mzuri kwa mwenye mwili mkubwa, ni kejeli kwa anayekula mara moja kwa siku.

Vituo vya afya vianze na kitu kisicho na bei: kila mwanamke anayelalamika hapati mimba aulizwe siku zake, na jibu liandikwe kwenye karatasi atakayoibeba hata akikimbia tena. Halafu atumwe kwenye ekografi. Na bwana apande pikipiki hiyo hiyo, naye akapimwe.