Kubeti kumefika kila kiganja Rungwe, msaada bado uko mbali

KATIKA kata ya Kawetele, Tukuyu, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Wilaya ya Rungwe, fedha huingia nyumbani kwa awamu na kwa msimu. Chai hulipwa kwa kilo za majani mabichi, maziwa kwa lita, ndizi kwa mkungu na parachichi baada ya mavuno. Siku ya malipo ndiyo siku ya ada ya shule, deni la mbolea na mchango wa kikoba. Zamani mwenye tamaa ya kamari alilazimika kuifuata ilipo. Leo malipo mengi hupokelewa katika simu, na mchezo nao umo katika simu ile ile.

Mabadiliko hayo hayakutokea kwa siku moja. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ilitungwa mwaka 2003, nayo ndiyo iliyounda Bodi ya kusimamia kasino, mashine za sarafu na bahati nasibu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008. Kisha ikaja michezo ya kubashiri matokeo ya soka, ambayo iliunganisha mambo mawili ambayo kijana wa Kitanzania tayari alikuwa nayo: simu na ushabiki. Mwezi Mei 2017 Simba na Yanga zote mbili zilisaini mikataba ya udhamini na kampuni moja ya kubashiri, na tangu hapo ni vigumu kuitazama ligi bila kuiona kamari kifuani mwa wachezaji. Rungwe yenyewe ni nchi ya soka. Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, enzi ambazo ushabiki ulimgharimu mtu kiingilio na nauli, basi.

Ieleweke kwamba kubeti katika kampuni yenye leseni si kosa kwa mtu aliyefikisha umri wa miaka 18, na wengi huweka dau dogo mwisho wa wiki bila nyumba kutetereka. Tatizo ni kwamba wengi hao hawajui hesabu iliyomo ndani ya kile kinachoitwa mkeka, yaani orodha ya mechi nyingi katika tiketi moja.

Tuseme kila ubashiri una uwezekano sawa wa kutimia au kutotimia. Malipo ya haki yangekuwa shilingi mbili kwa kila shilingi moja. Kampuni, ili nayo ipate chake, italipa shilingi 1.90. Kwa mechi moja makato hayo ni madogo: senti tano katika kila shilingi. Lakini mkeka wa mechi 10 huyarudia makato hayo kwa kila mechi. Uwezekano wa mechi zote kutimia ni mmoja kati ya 1,024. Kwa dau la Sh1,000 malipo ya haki yangekuwa Sh1,024,000, ila mkeka utaahidi takribani Sh613,000. Kwa wastani wa muda mrefu, Sh400 kati ya kila Sh1,000 hubaki kwa kampuni, hata kabla kodi ya ushindi haijakatwa. Hakuna udanganyifu hapo. Ndivyo biashara ilivyojengwa. Kinachomponza mchezaji ni hisia. Mkeka unapochanika kwa mechi moja tu, yeye huona kwamba alikaribia, wakati kwa hesabu amepoteza sawasawa na aliyekosa mechi zote 10.

Kwa sababu hiyo wito wa kucheza kistaarabu, unaosikika mwishoni mwa matangazo, una mapungufu. Unamtaka mchezaji ajidhibiti, jambo jema kwa mtu ambaye bado anaweza kujidhibiti. Kwa aliyevuka mpaka, wito huo ni sawa na kumwambia mlevi anywe kwa kiasi.

Tiba imekwisha kulitambua hilo. Madaktari wa akili nchini Marekani waliuingiza uchezaji kamari uliopindukia katika mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980, na mwaka 2013 wakauhamishia katika kundi la uraibu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 nayo inautaja kuwa ni uraibu. Dalili zake mke, mzazi au jirani anaweza kuziona. Mtu huongeza dau ili arudishe alichopoteza, hukopa kwa siri na kudanganya kuhusu fedha. Hukasirika akizuiwa, kazi na usingizi huharibika, na wengine hufikia kukata tamaa ya kuishi. Anayefikia hatua hiyo ya mwisho asisubiri. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini apelekwe wapi kabla ya hapo? Mkoa wa Mbeya una kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini, na kila mtumishi wa afya anajua ilipo. Mraibu wa kamari hana mlango wenye jina lake. Milango iliyopo ni ya jumla: kituo cha afya kilicho karibu, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na huduma ya afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, takribani kilomita 70 kutoka Tukuyu. Tiba yenyewe kwa kiasi kikubwa ni ushauri nasaha, haihitaji mtambo wala dawa ya bei kubwa. Hata vikundi vya wachezaji wanaosaidiana kuacha, vilivyoanzia Los Angeles mwaka 1957, huhitaji chumba na viti tu, na vyumba vya namna hiyo makanisa ya Rungwe yanavyo.

Familia nayo ina la kufanya. Akiridhia mwenyewe, malipo ya chai au maziwa yanaweza kupokelewa kwa simu ya mwenza au ndugu anayeaminika. Anaweza pia kuitaka kampuni imfungie akaunti. Deni lake lisilipwe kwa kumkabidhi fedha mkononi, alipwe anayedai. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kinga ambayo wengi huikumbuka nyumba ikiwa imekwisha kwenda.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, ilipandisha umri wa kucheza hadi miaka 25. Kenya mwaka 2019 ilizikatalia leseni kampuni 27, ikiwamo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na mwaka 2025 ikatunga sheria mpya. Tanzania yenyewe ilisimamisha matangazo ya kamari katika vyombo vya habari Januari 2019, ingawa leo matangazo yapo. Hatua hizo hupunguza wanaoingia. Kwa aliyekwisha kuingia hazina msaada mkubwa, kwani kampuni moja ikifungwa yeye huhamia nyingine.

Tangu mwaka 2017 kodi ya michezo hii hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na sehemu ya fedha hiyo imetoka katika vijiji vya chai na ndizi. Kutenga sehemu ndogo yake kwa ajili ya kuwafundisha waganga na wauguzi wa vituo vya afya kungewezekana bila kujenga jengo hata moja. Muuguzi wa Tukuyu humuuliza mgonjwa kama anavuta sigara na kama anakunywa pombe. Swali la tatu, kama anabeti na kwa kiasi gani, bado halijaingia katika maswali yake.