Koreshi avuliwe kilemba cha ukoka

Katika vijitabu vya semina za haki za binadamu, na siku hizi katika video fupi zinazozunguka mitandaoni, hadithi huanzia mahali pamoja. Mwaka 539 KK Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliiteka Babeli, akawaachia huru watumwa, akampa kila mtu uhuru wa kuabudu, kisha akaamuru hayo yote yaandikwe kwenye silinda ya udongo. Hiyo, wasomaji huambiwa, ndiyo hati ya kwanza ya haki za binadamu duniani. Habari tamu, ila silinda yenyewe haisemi hivyo.

Silinda ipo. Hormuzd Rassam aliifukua mwaka 1879 katika magofu ya Babeli, Iraki ya leo, na sasa imehifadhiwa British Museum, London. Ina urefu wa sentimita 22 na ushei, na mistari 45 ya mwandiko wa kikabari katika lugha ya Kibabeli. Anayeisoma hukutana mapema na lawama dhidi ya Nabonidus, mfalme aliyeshindwa, anayeshutumiwa kwa kuvuruga ibada ya Marduk, mungu mkuu wa mji. Halafu Marduk anapekua nchi zote akitafuta mfalme mwema, anamshika Koreshi mkono na kumwelekeza Babeli. Ndipo yanapokuja majigambo: Koreshi ni mfalme wa ulimwengu, mfalme wa pande nne za dunia, na wafalme wengine wanamletea kodi nzito na kumbusu miguu. Baadaye zinatajwa sadaka za bata na bata bukini zilizoongezwa, na ukuta wa mji uliokarabatiwa.

Hati gani ya haki za binadamu hujivunia mfalme kubusiwa miguu?

Kuhusu watumwa, ushahidi ni mwingi na hauko upande wa vijitabu. Ukoo wa Egibi, matajiri wa biashara wa Babeli, uliacha zaidi ya vibao elfu moja vya udongo vyenye mikataba yao, tangu enzi za mfalme Nebukadneza, kabla ya Koreshi, hadi za mfalme Dario, baada yake. Humo binadamu wanauzwa, wananunuliwa na kuwekwa rehani. Koreshi aliingia, na biashara hiyo ikaendelea.

Hata sifa ya kuuteka mji bila vita ina mkia wake. Kibao kingine cha kale, kinachosimulia matukio ya utawala wa Nabonidus, kinaeleza kwamba kabla Babeli haijaanguka, jeshi la Koreshi lilipigana huko Opis kando ya mto Tigri, likachinja watu na kubeba nyara. Mji uliosikia habari za Opis ulikuwa na kila sababu ya kufungua malango.

Wala maneno ya silinda hayakuwa mapya. Mfalme Senakeribu wa Ashuru aliibomoa Babeli mwaka 689 KK. Mwanawe Esar-hadoni akaijenga upya, akajisifu kwa maandishi kwamba amewakusanya wakazi wake waliotawanyika na kuwarudisha makwao. Hakuna aliyewahi kuwaita Waashuru baba wa haki za binadamu. Waandishi wa Babeli walijua namna ya kumpamba mtawala mpya, na Koreshi alitungiwa sifa zilezile walizotungiwa waliomtangulia.

Basi Koreshi kafungwa kilemba hiki cha ukoka na nani? Na Shah Mohammad Reza Pahlavi wa Iran. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa haki za binadamu Tehran, naye katika kuufungua akamtaja Koreshi kuwa mtangulizi wa jambo hilo. Mwaka 1971 akaandaa sherehe za miaka 2,500 ya ufalme wa Uajemi, zikiwa na silinda hiyo katika nembo yake. Huko Persepolis, mji wa kale wa Waajemi, wapishi kutoka Paris waliwalisha wageni tausi. Haile Selassie wa Ethiopia na Mobutu wa Kongo walikuwapo mezani. Mwezi huohuo wa Oktoba, Ashraf, dada pacha wa Shah, alimkabidhi Katibu Mkuu U Thant nakala ya silinda, ambayo ipo hadi leo makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Wakati huo wapinzani wa Shah walikuwa wakiteswa katika magereza ya SAVAK, polisi wake wa siri. Mtawala wa namna hiyo alihitaji sana hadithi inayosema kwamba haki hutoka mkononi mwa mfalme.

Hadithi ikaota matawi. Ilisambaa tafsiri ya uongo iliyomfanya Koreshi afute utumwa na hata kupanga mishahara. Aliyeingia mtegoni si mjinga: Shirin Ebadi, mwanasheria mpigania haki, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2003, alimnukuu Koreshi akiahidi kutowatawala watu wasiomtaka. Ahadi hiyo haimo kwenye silinda.

Hapa msomaji wa Biblia atainua mkono. Je, kitabu cha Ezra hakianzi na Koreshi akiwaruhusu Wayahudi kurudi Yerusalemu kulijenga hekalu? Je, Isaya hamwiti masihi wa Bwana? Ni kweli. Silinda haiwataji Wayahudi wala Yerusalemu, lakini inaeleza miungu na watu wakirudishwa katika miji yao ya Mesopotamia na ng'ambo ya Tigri, na sera hiyo inaoana na masimulizi ya Ezra. Sifa hiyo apewe. Kwa Wababeli alikuwa mteule wa Marduk, kwa Wayahudi mteule wa Bwana: huyo ni mwanasiasa hodari, na dola aliyoianzisha ilidumu miaka 200 hivi, hadi Alexander alipoiangusha.

Waandaaji wa vijitabu wana njia rahisi: tafsiri kamili ya silinda inapatikana bure kwenye tovuti ya British Museum. Waisome mistari yote 45, kisha wamhamishie Koreshi kwenye somo la historia. Somo la haki lianze na waliozidai, hasa wale waliozidai mbele ya watawala waliotaka kubusiwa miguu.