Lori la Kasumbalesa Linarudi na Nini?



Kila tunapoketi na wenye vyeo hapa Lubumbashi tunasikia sifa ileile: Haut-Katanga imebarikiwa barabara kuu. Tunaambiwa tutazame malori yaliyopangana Kasumbalesa, kilometa 90 hivi kutoka mjini, yamebeba shaba na kobalti kuelekea Dar es Salaam na Durban. Malori mengi, uchumi mzuri! Sisi tuliosomea ualimu hatuikubali hesabu inayojumlisha magurudumu bila kuuliza kilichopakiwa.

Na tuulize. Likitoka, lori linabeba madini ambayo kazi yake yenye faida kubwa itafanyika ng'ambo. Likirudi, linaleta mashine za migodi, mafuta, na pia mahindi na unga. Naam, unga wa bukari yetu. Nchi yenye ardhi na mvua kama hii inanunua chakula chake kwa jirani, kisha tunaiita hali hiyo faida.

Mwaka 2024 ulituonya mara mbili. Mwezi wa Februari Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Agosti ikafunga mpaka kwa siku chache, baada ya serikali yetu kuzuia bia na soda zake. Ugomvi ulikuwa wa chupa, lakini anayengoja unga kutoka mpakani hana budi kuihofia sufuria yake.

Wengine watajibu kwamba bila barabara tungekuwa maskini zaidi. Ni kweli, wala hatuombi ifungwe. Dereva anayelala siku kadhaa chini ya lori lake anaishi kwayo, na mama anayempikia vilevile. Tunalolalamikia ni njia zinazoungana nayo. Acha lami, ingia kuelekea mashambani wakati wa masika: ni matope matupu. Gunia la mahindi linasafiri kwa baiskeli, kama makala yanayoingia mjini huku mwenyewe akisukuma kwa miguu. Mtu huyo atashindanaje kwa bei na lori la tani 30? Humuuzia mchuuzi wa kwanza anayemfikia, au hulima cha kutosha nyumbani tu. Huo si uvivu, ingawa tumeusikia ukiitwa hivyo, hata uani mwa kanisa baada ya misa.

Reli ilipofika hapa mwaka 1910, ilikuja kuchukua shaba. Mkulima hakuwamo katika mpango ule. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado hayumo.

Kati ya Kasumbalesa na Lubumbashi kila lori linalipa ushuru wa barabara. Tunataka sehemu ya fedha hizo, inayojulikana na kutangazwa hadharani, itengeneze njia za mashamba kwanza. Na wabunge wa jimbo watakapokuja kutusalimu, tuwaulize: ni kilometa ngapi zimetengenezwa, na kuelekea kijiji gani? Tuwaulize kabla ya Novemba, maana mvua zikishaanza, hakuna greda litakalopita huko.